Nani atazisoma diski zetu za SACD, deki ya mwisho ikishakufa?

#1 Mkanda Mama (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu Ramadhani.

Nina diski 61 za SACD na 14 za DVD-Audio, yaani diski za muziki zenye umbo la CD lakini zinazoweza kubeba sauti ya spika nyingi, siyo stereo tu. Nimezikusanya mojamoja tangu 2011, nyingine nikiletewa na ndugu wanaosafiri, nyingine nikizikuta kwenye maboksi ya mtumba kutoka Dubai, zimechanganyika na CD za kawaida na muuzaji hajui alichoshika. Deki yenyewe ni mtumba pia. Imenitumikia vizuri mpaka mwaka huu ilipoanza kusitasita: unaweka diski, inazunguka, inatulia, inazunguka tena, kisha kioo kinaandika kwamba hakuna diski. CD ya kawaida inapiga bila taabu. SACD ya mseto, ile yenye matabaka mawili, inapiga tabaka la CD peke yake. DVD inazikataa kabisa. Fundi wa kwanza akaniambia deki ni nzima, diski ndizo mbovu. Nikamuuliza, diski 75 ziharibike zote wiki moja?

Ikabidi nijifunze mwenyewe. Kumbe ndani ya kichwa cha deki hizi mna leza mbili. Ya kusoma CD ina mwanga wa nanomita 780, ya kusoma DVD na SACD ina nanomita 650. Kwenye diski ya mseto, tabaka la CD limelala mwisho kabisa, milimita 1.2 kutoka uso unaotazama leza, na tabaka la SACD liko katikati ya safari, milimita 0.6. Hilo la katikati limetengenezwa liuache mwanga wa 780 upite na liurudishe ule wa 650. Kwa hiyo deki yangu ina jicho moja linaloona na jingine lililopofuka, na lililopofuka ndilo nililolinunulia deki.

Sasa niseme kinachoniuma. Sony na Philips, waliotuletea CD mwaka 1982, walitoa SACD mwaka 1999. Mwaka uliofuata kambi ya pili ikatoa DVD-Audio. Wakagombana. Kampuni za muziki zikagawanyika, Sony Music upande huu, Warner upande ule, mnunuzi akabaki katikati akingoja mshindi. Mshindi hakutokea kati yao. Mwaka uleule wa 1999 Napster ilianza, 2001 ikaja iPod, na watu wakachagua wepesi wa kubeba. Miaka michache tu baadaye kampuni kubwa zilikuwa zimeacha kutoa albamu mpya za pop kwa mtindo huu.

Lakini katika ile miaka michache watu walifanya kazi kubwa. Walifungua mikanda mama, yaani rekodi asili za studio, ya albamu za zamani, wakatenganisha sauti, wakazipanga upya kwa spika tano na sabufa: mbele, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia. Miksi hizo za saraundi, nyingi hazikutolewa tena mahali pengine popote. Zimo kwenye diski hizo tu. Na tabaka la SACD lilifungwa makusudi tangu siku ya kwanza ili lisinakiliwe: hakuna CD-ROM wala DVD-ROM ya kompyuta iliyowahi kuuzwa ikiwa na uwezo wa kulisoma. Leza ya 650 ikifa, kinachobaki ni tabaka la CD, ambalo ni stereo ileile iliyojaa kila mahali. Kinachopotea ni kile ambacho hakipo kwingine.

Watengenezaji wa deki nao wanapungua. Oppo, waliokuwa kimbilio la wapenzi wa diski hizi, walitangaza Aprili 2018 kwamba wanaacha. Samsung wakafuata 2019 kuachana na deki mpya za Blu-ray huko Marekani.

Maswali yangu ni mawili. Kuna aliyewahi kufufua kichwa cha leza cha deki ya SACD hapa kwetu? Na nyinyi mnaonaje, miksi hizi zitaokolewaje?

#2 Bwana Bando (Dodoma)

Mkuu, heshima kwako. Mimi naomba elimu ya chini kabisa. Nina faili za FLAC kwenye flashi, nachomeka kwenye redio ya gari, sauti iko safi. Hiyo SACD inanizidi nini mimi?

#3 Fundi wa Pangani (Tanga)

Mkuu Bwana Bando, nijaribu.

CD inalipima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Njia hiyo inaitwa PCM. FLAC yako, kama imetoka kwenye CD, ndiyo hiyohiyo, imekunjwa tu bila kupotezwa kitu. DVD-Audio inafuata njia hiyohiyo ila kwa vipimo vikubwa zaidi: biti 24, mpaka mara 192,000 kwa sekunde kwa stereo, na mpaka 96,000 ukitumia chaneli sita. Data zake zinakunjwa kwa mfumo wa MLP uliobuniwa na Meridian wa Uingereza.

SACD ni mnyama mwingine, njia yake inaitwa DSD. Inatumia biti moja tu kwa kila kipimo, lakini inapima mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya CD. Wingi wa moja na sifuri ndio unaochora wimbi. Wimbi likiwa juu, moja zinajazana, likiwa chini sifuri zinajazana. Fanya hesabu ya chaneli sita kwa dakika 74: inakuja gigabaiti 9.4 hivi, na tabaka la SACD linabeba 4.7. Ndiyo maana chaneli sita nazo zinakunjwa, kwa mfumo uitwao DST, bila kupoteza hata biti moja. Ni kazi ya akili sana ile, mimi huwa naiheshimu.

Ila waliobuni walitutesa kwenye waya. Deki za mwanzo hazikuruhusiwa kutoa sauti hiyo kwa njia ya kidijitali. Ulihitaji waya sita za RCA kutoka kwenye deki mpaka kwenye risiva, yaani amplifaya inayoendesha spika, na risiva yenye matundu sita ya kuzipokea. HDMI ilianza kubeba DVD-Audio toleo la 1.1, mwaka 2004, na DSD ya SACD toleo la 1.2, mwaka 2005. Wakati huo watu walikwisha kata tamaa. DVD-Audio nyingi hata kuchagua wimbo ilibidi uwashe TV. Mama wa nyumbani anataka kusikiliza muziki akipika, anaambiwa awashe TV kwanza. Hilo peke yake liliwafukuza watu.

Kuhusu kichwa cha leza, mkuu Mkanda Mama, usiitupe deki. Nitarudi na maelezo nikitoka kazini.

#4 Mizani (Nairobi)

Ndugu zangu, nimefuatilia kwa makini na naomba niweke upande wa pili, kwa nia njema kabisa.

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha utafiti kwenye jarida la Audio Engineering Society. Walichukua SACD na DVD-Audio, wakapitisha sauti yake ya stereo kwenye kifaa kinachoishusha mpaka kiwango cha CD, kisha wakawauliza wasikilizaji watofautishe. Majaribio 554. Majibu sahihi 276. Hiyo ni asilimia 49.82, sawa na kurusha sarafu. Baadaye, 2016, Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha tafiti 18 za namna hii akapata asilimia 52.3, na waliopewa mafunzo wakafika karibu 62. Tofauti ipo, lakini ni nyembamba sana.

Sikio la mtu mzima mwenye afya halivuki kHz 20, na la mtu wa umri wangu halifiki hapo. CD inafika kHz 22. Biti 16 zinakupa desibeli 96 kati ya mnong'ono na kishindo, na sebuleni kwangu, barabara ikiwa hapo nje, sijawahi kuzihitaji zote. Nilinunua SACD nne nikiwa na imani kubwa. Moja tu ndiyo iliyonishangaza, na nilipoichunguza nikakuta imemastiwa upya kwa uangalifu, haijabanwa ipige kelele kama zilivyobanwa CD za miaka ile. Ningepewa masta hiyohiyo kwenye CD ningeshangaa vilevile.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, watu waliziacha diski hizi kwa sababu ya haki. Walikuwa wanauziwa namba.

#5 Mkanda Mama (Dar es Salaam)

Mizani, ndugu yangu, hapo hatugombani hata kidogo. Meyer na Moran wenyewe waliandika kwamba diski nyingi za SACD na DVD-Audio zilisikika vizuri kuliko CD, na wakasema sababu ni watu waliozirekodi na kuzimasta kwa utulivu. Nimeshajipima mwenyewe kwa kumwomba mwanangu abadilishe bila kuniambia, stereo kwa stereo, nikashindwa.

Lakini tazama walichopima. Walipima stereo. Saraundi haihitaji utafiti kuijua kama ipo au haipo, kama usivyohitaji utafiti kujua kama mtu amesimama mbele yako au nyuma yako. Kinanda kinachotoka nyuma ya bega lako la kulia kinatoka nyuma ya bega lako la kulia. Ukikishusha kwenye stereo, kinakwenda kubanana mbele na vingine vyote.

Ndiyo maana nasema tumelitetea jambo hili vibaya kwa miaka yote. Wauzaji walipigia debe kilohezi na biti, vitu ambavyo sikio halivikamati, wakaisahau ile chaneli ya nyuma ambayo hata mtoto anaisikia. Watu wakapima kilohezi, wakaona hamna kitu, wakaitupa na saraundi humohumo.

#6 Binti Fidla (Unguja)

Assalaam aleykum jamaa. Mie si mtu wa mitambo, nimeingia kwa sababu ya neno hili la mwisho.

Napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Mjini. Mtu aliyekaa ukumbini hutusikia sote tunatoka mbele, kama ukuta mmoja. Mie niliyekaa ndani sisikii hivyo. Ganuni iko mkono wangu wa kulia, kila uzi unaudonoa sikioni. Akodiani iko nyuma ya bega la kushoto. Udi uko mbele kidogo, chini, na dumbaki nyuma, huisikii kwa sikio kwanza, waisikia kwa mgongo. Waitikiaji wakipokea kibwagizo, sauti yaja kama wimbi limekupita kichwani. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu nyumbani kwamba rekodi zetu haziko kama taarab ilivyo, nao hawanielewi.

Kisha nikaenda Maskati kwa shangazi. Mumewe ana chumba chake cha kusikilizia, spika tano zimewekwa duara, akanikalisha katikati akaweka diski ya kwaya iliyorekodiwa kanisani huko Ulaya. Spika za nyuma zilikuwa hazina ala hata moja, mlikuwa na mwangwi wa jengo tu. Basi. Lakini nilijua dari iko juu kiasi gani. Nilijua ukuta wa nyuma uko mbali kiasi gani. Nililia, na kwaya yenyewe siijui lugha yake.

Nauliza: kwa nini taarab isirekodiwe vile, kutoka kiti cha mpigaji?

#7 Mzee Santuri (Mombasa)

Wanangu, hamjambo. Nimesoma nikakumbuka mbali.

Mwaka 1974 nilikuwa masomoni Uingereza. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na spika nne sebuleni, mbili mbele na mbili nyuma ya makochi. Ilikuwa ikiitwa kwadrafoniki. Kila Jumapili baada ya chakula alituita vijana tukae chini tusikilize. Nilidhani ndio muziki wa kesho. Kabla muongo haujaisha ilikuwa imekufa, nikaona santuri zile zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Iliuawa na ugonjwa uleule aliousema Mkanda Mama. CBS walikuwa na mfumo wao, SQ. Sansui wa Japani na wao, QS. Kampuni za JVC na RCA wakaja na CD-4, iliyoficha chaneli za nyuma kwenye mawimbi ya juu ya mfereji wa santuri, karibu na kHz 30, ikataka sindano ya pekee, tena ukiisha kuipiga santuri kwa sindano mbovu mara kadhaa, chaneli za nyuma zinasuguliwa zinafutika. Mifumo mitatu, kila mmoja na kifaa chake cha kuufungua. Nani angenunua vitatu?

Lakini nataka kuwatia moyo. Kampuni ya Philips katika miaka hiyo ilirekodi muziki mwingi wa klasiki kwa chaneli nne, ikaona santuri haiwezi kuubeba ipasavyo, ikaiweka mikanda kabatini. Ilikaa humo miaka thelathini. Mwaka 2001 watu waliokuwa Philips walianzisha PentaTone, wakaitoa mikanda ile, wakaichapisha kwenye SACD ikiwa na chaneli zake nne. Uingereza, Dutton Vocalion wamefanya hivyo kwa miksi za kwadrafoniki za kampuni kadhaa. Na tangu 2016 Rhino wa Marekani wanazitoa za kwao kwenye Blu-ray, kwa jina la Quadio. Nilizoziona zikiuzwa kwa bei ya kutupa leo watu wanapanga foleni kuzinunua.

Mkanda ukitunzwa, diski hupatikana. Chungeni mkanda.

#8 Mkanda Mama (Dar es Salaam)

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako nimeyaandika pembeni.

Ila mzee, nina hofu moja. Tunategemea kabati za kampuni. Juni 2008 moto uliunguza ghala la Universal kule Hollywood, mikanda mama mingi ikaenda, na ulimwengu ukaja kujua ukubwa wa hasara mwaka 2019 gazeti la New York Times lilipoandika. Halafu wanaochagua cha kuokoa huchagua kinachouza. Albamu ile maarufu ya Pink Floyd ya 1973 ilipata miksi ya saraundi kwenye SACD mwaka 2003, na 2011 ikahamishiwa kwenye Blu-ray. Hiyo imeokoka, na itaokolewa tena na tena. Mimi nawaza zile diski zangu nyingine hamsini ambazo hakuna atakayezikumbuka.

#9 Bwana Bando (Dodoma)

Wakuu, nimeelimika sana. Lakini siku hizi si kuna Dolby Atmos? Apple Music waliiweka tangu 2021, na Tidal walitangulia kabla yao. Saraundi imerudi kwa mlango wa simu. Diski ya nini tena?

#10 Fundi wa Pangani (Tanga)

Ni kweli imerudi, na mimi nimefurahi imerudi. Bila Atmos studio zisingekuwa zinajenga vyumba vya spika nyingi leo. Mambo mawili tu.

Inayokuja kwa intaneti imekunjwa kwa kupoteza, kilobiti 768 kwa sekunde. Kwa saa moja ni kama megabaiti 345 za bando lako, na kwa kiasi hicho cha data ndimo chaneli zote zinagawana. Ileile ikiwa kwenye Blu-ray inakuja kwa TrueHD, haijapoteza kitu. Kwenye spika nzuri tofauti hii mimi naisikia kuliko ile ya kilohezi aliyoizungumzia Mizani.

La pili ni zito zaidi. Miksi ya Atmos ni miksi mpya, ya mtu mwingine, ya miaka hii. Haiji na ile ya 2002 ndani yake. Mara nyingi ile ya zamani aliifanya fundi aliyekaa na wanamuziki wenyewe wakiwa hai. Na kinachokuja kwa bando kinaweza kuondolewa kesho asubuhi, hukuachiwa chochote mkononi.

Binti Fidla, swali lako zuri limepitwa. Inawezekana, tena leo, na huhitaji diski yoyote. Kinasa chenye matundu sita cha biti 24 siku hizi kinabebeka mkobani. Weka maikrofoni mahali pa kiti chako zikitazama pande tano, rekodi, kisha hifadhi kwenye FLAC, maana FLAC inabeba mpaka chaneli nane ndani ya faili moja. Faili hilo halina kufuli. Mjukuu wako atalifungua.

#11 Baharia wa Elbe (Hamburg)

Salamu kutoka huku. Kwa wanaotaka kununua deki, nieleze hali ilivyo madukani.

Sony UBP-X800M2 inasoma SACD, DVD-Audio na Blu-ray. Magnetar, UDP800 na UDP900, nazo zinasoma zote, ila bei yake ni ya kujipanga. Msinunue kwa kudhani deki ghali lazima isome: Panasonic DP-UB9000 ni ghali na SACD haiisomi. Tazameni nembo kabla ya kulipa. Ukiunganisha kwa HDMI na risiva ikanyamaza, ingia kwenye mipangilio ya deki, badilisha utoaji kutoka DSD kwenda PCM. Nilikaa bila sauti wiki nzima kwa sababu hiyo.

PlayStation 3 za mwanzo kabisa, za 2006 na 2007, zilisoma SACD pia. Zile nyembamba zilizokuja 2009 hazisomi. Kwenye masoko ya vitu vya zamani huku bado zinapatikana, lakini nazo ni wazee, leza zake ni za umri uleule.

Diski mpya bado zinatoka, tusizike aliye hai. Wajapani wanachapisha SACD kila mwezi. BIS wa Sweden walibaki waaminifu kwa SACD miaka mingi, mpaka Apple walipowanunua 2023. 2L wa Norway wanatoa Blu-ray za sauti tupu zenye saraundi, wanarekodi makanisani wakiwapanga wanamuziki duara kuzunguka maikrofoni. Binti Fidla, watafute hao, wanafanya kile ulichokisema.

Na nyinyi wa pwani, msizikunje diski mkizitoa kwenye kasha. Bonyeza kitovu kwanza. Hizi ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, ukizipinda gundi inaachia, unyevu wa bahari unaingia, na hapo hakuna fundi.

#12 Mizani (Nairobi)

Nakiri nimejifunza. Nilikuja kuzungumzia stereo, na hoja yenu ilikuwa nyingine tangu mwanzo. Nina swali la mwisho kwa Mkanda Mama: ukifanikiwa kuifufua deki, utazitoaje chaneli hizo sita nje ya diski, ikiwa imefungwa?

#13 Mkanda Mama (Dar es Salaam)

Kwa zile waya sita za RCA alizozilalamikia Fundi. Zinatoa sauti ya analogia, na sauti ya analogia haina kufuli. Nikiwa na kinasa cha matundu sita nitarekodi diski zangu mwenyewe, dakika kwa dakika, kwa ajili ya nyumba yangu. Kwa biti 24 na kHz 96. Najua itapotea chembe. Afadhali chembe ipotee.

#14 Fundi wa Pangani (Tanga)

Mkuu, kuhusu kichwa. Fungua deki, toa trei, kisome kichwa cha leza ubavuni, kuna namba imeandikwa. Deki nyingi za SACD za bei ya kati zilitumia kichwa kilekile cha deki za DVD za kawaida. Kilichotofautiana kilikuwa ubao wa kuzichakata data. Ukiipata namba hiyo, tafuta kwenye deki mbovu za DVD, zimejaa kwa mafundi. Chagua iliyokufa kwa sababu ya umeme, si iliyokufa kwa kutumika.

Kichwa kipya kikija na tone la risasi ya kulehemu linalounganisha nukta mbili kwenye ubao wake mdogo, usilitoe mpaka umekwisha kuchomeka utepe. Linaikinga leza na umeme wa mwili wako. Ukishachomeka, liyeyushe. Ukilisahau, leza haiwaki na utadhani umeuziwa kibovu.

#15 Mkanda Mama (Dar es Salaam)

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili.

Namba nimeipata. Nimezunguka Kariakoo siku mbili, duka la tatu fundi akanitolea gunia la deki za DVD. Tulizifungua tisa. Mbili zilikuwa na namba ileile. Nimenunua zote mbili. Kichwa cha kwanza nilikifunga Ijumaa usiku, na lile tone nililisahau kama Fundi alivyosema, nikakaa dakika arobaini na deki iliyokufa mbele yangu, moyo umeniishia. Nikarudi nikasoma posti namba 14. Nikaliyeyusha.

Diski ya kwanza ilizunguka, ikatulia, na kioo kikaandika SACD, kisha chaneli tano. Nilikaa kitini sikuwasha hata taa. Kuna mpiga ngoma katika diski ile anayeingia dakika ya pili kutoka nyuma kushoto, taratibu, kama mtu anayefungua mlango asiamshe watoto. Kwa miezi minne nilikuwa namsikia mbele, kwenye tabaka la CD, amebanwa na wengine. Ijumaa alirudi mahali pake.

Kichwa cha pili nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vidonge vya kunyonya unyevu, kimelala kabatini. Kinasa nimekiagiza. Nitaanza na zile hamsini ambazo hazijatolewa tena.

Binti Fidla, nakuja Unguja na boti ya Jumamosi, nina shughuli ya kifamilia Mkunazini. Kama kikundi chako kina nafasi jioni, nitakuja na deki, na ile diski ya kwaya uliyoieleza nadhani ninayo. Mtafute spika tano za aina moja, hata kama ni ndogo. Nibebe waya za mita kumi, au ukumbi wenu ni mdogo?

#16 Binti Fidla (Unguja)

Karibu sana kaka. Beba za kumi na tano. Mpigaji ganuni ana kinasa, na tumekubaliana baada ya kusikiliza diski tupige nyimbo mbili sisi wenyewe, maikrofoni zikiwa kwenye kiti changu. Waitikiaji watakaa nyuma.